Rejeta Mbele, Injini Nyuma

Gari lile lilifika gereji kwangu, mtaa wa Shanwe, likivutwa na pawatila, kile kitrekta kidogo cha kulimia mpunga. Lilikuwa gari la michezo la Kijerumani, la miaka ya zamani, milango miwili, fupi kiasi kwamba ukisimama kando yake paa linakufika kiunoni. Rangi yake iliwahi kuwa ya machungwa, ila siku ile ilifanana na tofali. Mwenyewe alikuwa ndani, ameshika usukani kwa mikono miwili, mtandio wake umekaa sawasawa, anatazama mbele tu.

Alikuwa mama wa makamo anayefanya biashara ya mchele Majengo. Mume wake, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Gari alilinunua huyo mume akiwa kijana, kutoka kwa mtaalamu mmoja wa madini, mgeni, aliyemaliza mkataba wake na hakuweza kuondoka nalo. Kwa gari hilo mama yule alipelekwa kwake siku ya ndoa, na kwa gari hilo hilo alijifunza kuendesha. Baadaye likaharibika, likafunikwa turubai uani, likakaa.

"Fundi, nataka liwake," aliniambia baada ya kushuka. "Sitaki pambo. Nataka niende nalo shamba kuangalia mpunga, nirudi."

Nyuma yake, kwa pikipiki, alikuja shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya chini, aliyerithi duka la kaka yake. Huyo alishapata mtu Arusha anayenunua magari ya zamani. Mtu huyo alitaka gari likiwa halijaguswa, injini yake ikiwa ileile, hata ikiwa imekufa.

"Mwambie ukweli, fundi," alisema shemeji mtu. "Injini ya namna hii haitengenezeki huku kwetu."

Nilimsikia kwa sababu nilikuwa namtazama mdomo.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wakati ule hakuna aliyelijua. Masikio yangu yalikuwa yanakufa. Nilikuwa nimefanya kazi ya ufundi karibu miaka thelathini, nyundo, grenda, mabati, injini zisizo na ekzosi. Kwanza ziliondoka sauti nyembamba: ndege, mlio wa simu, watoto wakiwa mbali. Kisha sauti za wanawake zikawa kama zinatoka kwenye chumba cha pili. Kupiga simu niliacha, nikawa naandika meseji tu. Injini niliisikiliza kwa kushika. Nilikuwa naweka bisibisi ndefu kwenye blok, mpini wake nauegemeza kwenye mfupa wa taya, na mtetemo unaingia kichwani bila kupita sikioni. Wateja waliipenda hiyo. Walisema fundi yule anaongea na injini. Sikuwakatalia.

Fundi wa magari anaishi kwa masikio. Mteja akija hasemi kitu gani kimekatika; anasema sikiliza hapa, kuna mlio. Niliona kwamba siku nitakayokiri, siku hiyo hiyo watahamia kwa fundi wa karibu na stendi. Kwa hiyo nilinyamaza, na kunyamaza kukawa tabia.

Kabla ya kulifungua gari la mama yule niliweka betri, nikamimina petroli kidogo kwenye kabureta, nikapiga stata. Injini yenyewe haikuwa na maji. Ilipozwa kwa upepo: feni kubwa nyuma inasukuma hewa kwenye mapezi ya silinda, basi, hakuna rejeta wala mpira wa maji. Injini za hivyo zina kelele. Ile iliwaka kwa silinda mbili kati ya nne, ikatoa mlio mkavu wa chuma, na mimi niliusikia wote. Nilikuwa sijasikia kitu kwa ukamilifu hivyo kwa miezi mingi. Nilisimama pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha nikaizima, nikaanza kuitoa.

Ndani ilikuwa mbaya. Panya walikuwa wamejenga kwenye njia za hewa, vumbi likajaa kwenye mapezi, na injini ikawa inaungua huku feni inazunguka vizuri. Pistoni mbili zilikuwa zimeyeyuka kingo. Bolti za silinda zilikuwa zimeng'oka na nyuzi zake, na blok ilikuwa na ufa unaopitisha kucha. Niliandika meseji Dar, nikaandika Mbeya. Dar walinijibu kwa alama ya kucheka. Mbeya walisema nisubiri vitu kutoka nje, labda mwaka, labda zaidi.

Nilimwita mama, akaja na shemeji yake. Niliwaeleza kwamba ipo injini ya gari dogo la Kijapani ambayo silinda zake zimelala ubavu kama za hii, na inaingia nyuma bila kuinua kifuniko. Lakini ile ni ya maji. Itataka rejeta, na rejeta lazima ikae mbele kwenye upepo, kwa hiyo itabidi nikate bodi ya mbele na kupitisha paipu mbili chini ya gari lote.

"Ukikata umeliua," alisema shemeji. "Yule wa Arusha hataligusa tena."

"Limeshakufa," alijibu mama. "Limekufa mimi nalitazama kila asubuhi nikianika nguo. Fundi, likikatwa litatembea?"

"Litatembea."

"Basi kata."

Shemeji mtu aliniambia kitu wakati naenda kuchukua futi. Nilikuwa nimempa mgongo. Nilipogeuka alikuwa ananitazama kwa hasira, na mimi sikujua hasira hiyo ni ya nini, nikaendelea na kazi.

Injini ya Kijapani ilikuja kwa treni, imefungwa kwenye gunia na kamba za katani, na niliichukua stesheni kwa bajaji ya mizigo. Tatizo la kwanza lilikuwa kuiunganisha na giaboksi ya zamani, maana matundu ya bolti hayakulingana hata moja. Nilichora umbo la pande zote mbili kwenye boksi la biskuti, nikampelekea fundi mmoja wa kukereza vyuma pale Majengo, akanitengenezea sahani ya chuma ya kukaa katikati. Ya kwanza, tundu lake la katikati lilikuwa limehama kwa kiasi cha unywele. Gari lilipowekwa gia, klachi ilitetemeka kama mtu mwenye homa. Alikereza nyingine. Ya pili ilikaa.

Siku ya kukata mbele, mama alisema asiachwe nyuma, anataka kuwepo. Kwenye gari hilo buti iko mbele, na ndani yake kulikuwa bado na vitu vya marehemu: mwavuli, chupa ya chai, mswala uliokunjwa. Alivitoa kimoja kimoja. Mswala aliukung'uta vumbi, akaukunja upya, akauweka kwapani.

"Haya," alisema.

Niliwasha grenda. Nilikata mstatili chini ya pua ya gari na mwingine kwenye sakafu ya buti ili upepo upate pa kutokea. Cheche ziliruka mpaka kwenye viatu vyake na hakusogea. Nilipomaliza alichungulia lile tundu, akaona ardhi upande wa pili, akaenda zake sokoni.

Wiki mbili baadaye injini iliwaka kwa mara ya kwanza. Mama alikuwepo, amesimama upande wa dereva. Nilizungusha ufunguo, nikahisi stata inazunguka, nikaachia. Sikusikia kitu. Nikazungusha tena. Meno ya stata yaligonga flaiwili, gurudumu zito la injini lililokuwa tayari linazunguka, na mshtuko ukapanda mpaka kwenye kiwiko.

Mama aliinama dirishani. "Fundi, limeshawaka."

"Najua," nilisema. "Nilikuwa napima stata."

Hakuna fundi duniani anayepima stata hivyo. Yeye hakuwa fundi, lakini alinitazama usoni kwa muda, halafu akatazama mkono wangu ambao bado ulikuwa kwenye ufunguo.

Alitaka safari ya majaribio iwe Usevya, kwa sababu mavuno ya mpunga yalikuwa yameanza na alikuwa na wakulima wake wa kuwaona. Nilimwambia ni mbali kwa gari lisilojaribiwa. Alisema gari lisilofika Usevya halimsaidii. Shemeji yake alisema haipendezi mama aende peke yake na fundi, kwa hiyo naye akaja. Nyuma mna viti viwili vinavyotosha watoto. Alijikunja pale, magoti karibu na kidevu, kichwa chake nyuma ya kisogo changu na injini nyuma ya mgongo wake.

Tuliondoka asubuhi, mimi nikiendesha, mama kando yangu. Gari lilikwenda vizuri sana. Mpaka Sitalike nilikuwa nimeridhika, na nitasema kweli, nilijisifu kimoyomoyo. Tukavuka daraja, viboko wakiwa wamelala kwenye maji kidogo, tukaingia ndani ya hifadhi ya wanyama. Huko mbung'o wakaanza, tukapandisha vioo, na joto likajaa ndani.

Kosa langu lilikuwa hili. Gari la zamani halikuwa na geji ya joto la maji kwa kuwa halikuwa na maji. Niliagiza geji, ikachelewa, nikaona nitaenda bila hiyo. Nilizoea kushika injini na kuijua. Lakini ukiwa kwenye usukani na injini iko nyuma, huna cha kushika. Na zile paipu ndefu zilikuwa zimebakiza upepo ndani, mahali fulani kati ya pua na mkia, ambao sikuutoa wote.

Tulikuwa katikati ya hifadhi mama aliponishika mkono kwa nguvu. Niligeuka. Alikuwa ananiambia kitu kwa sauti kubwa, naona mdomo wake: simama, simama. Kwenye kioo cha kati hakukuwa na barabara tena, kulikuwa na mvuke mweupe.

Nilisimama. Kinyesi cha tembo, kibichi, kilikuwa hatua chache mbele yetu. Nilishuka, nikafungua kifuniko cha nyuma, maji yanachemka na kumwagika chini. Hakuna cha kufanya isipokuwa kusubiri, kwa hiyo tukarudi ndani, tukafunga vioo tena, tukakaa watatu tunatoka jasho.

Shemeji mtu aliegemea mbele mpaka uso wake ukawa kando ya wangu.

"Nimekwambia mara tatu," alisema. "Kuna kitu kinatokota huku nyuma. Mara tatu, fundi. Tangu siku ya kwanza nikisema unanipa mgongo. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi kwa nini unanidharau?"

"Sikukudharau. Sikusikia."

"Husikii vipi? Nimekaa nyuma ya kichwa chako!"

"Sisikii," nilisema. "Masikio yangu hayafanyi kazi."

Nilikuwa sijawahi kuyasema maneno hayo kwa sauti. Yalitoka kama mtu anayetaja saizi ya spana. Shemeji alirudi nyuma taratibu. Mbung'o mmoja aliyekuwa ameingia alitembea kwenye kioo na mama akamuua kwa kiganja.

"Tangu lini?" aliuliza. Alikuwa amegeuka kunielekea ili nimwone.

"Miaka mitano. Labda na zaidi."

"Na ile siku ya stata?"

"Sikujua kama limewaka."

Alitingisha kichwa kama mtu aliyepata jibu la hesabu iliyomsumbua. "Mkeo anajua?"

"Hapana."

"Watoto?"

"Hakuna anayejua. Nyie ndio wa kwanza."

Baada ya muda lori lililobeba ng'ombe lilitokea upande wa Usevya. Dereva, Msukuma, alisimama pembeni yetu, akaliangalia gari, akauliza huyu mdudu ametoka wapi. Alitupatia dumu moja la maji kujazia mawili tuliyokuwa nayo, akatuambia tusikae sana, tembo wako karibu, akaondoka.

Kutoa upepo kwenye mfumo kama ule kunataka pua iwe juu. Tulilisukuma gari, mama kwenye usukani, mimi na shemeji nyuma, mpaka kwenye mwinuko kidogo, tukaliacha linatazama juu. Nilifungua kizibo cha mbele nikamimina maji polepole. Kazi hiyo yote ni ya kusikiliza. Upepo ukitoka unabwabwaja, na ukikoma ndio unajua paipu zimejaa. Nilikuwa naminya mpira wa maji kwa mkono bila kujua nimefika wapi.

Shemeji alipiga magoti upande wa pili wa rejeta, akaweka sikio karibu na kizibo. Kisha akaninyooshea kidole kimoja.

"Inatoka," alisema, akihakikisha namwona. "Bado. Bado inatoka. Minya tena. Ngoja... imenyamaza."

"Imenyamaza kabisa?"

"Kabisa."

Nilifunga kizibo. Tulifika Usevya saa sita mchana. Mama aliwaona wakulima wake, akashika mpunga viganjani, akauma punje, akazungumza nao kwa muda mrefu kama mtu aliyekuja kwa basi la kawaida. Wakati wa kurudi alipakia gunia moja kwenye kiti cha nyuma. Shemeji yake alilazimika kupakata miguu yake mwenyewe, na gari halikuchemsha tena. Njia nzima, kila baada ya muda, alinigusa bega kunionyesha kidole gumba.

Pale Majengo, wakati nashuka, mama alisema: "Kesho mkeo anakuja kuchukua mchele kwangu. Mwambie leo, kabla hajaniona. Mimi siwezi kumtazama huku najua jambo la nyumbani kwake ambalo yeye halijui."

Mke wangu alikuwa uani anachambua maharage. Jua lilikuwa bado liko juu. Nilivuta kigoda, nikakaa mbele yake, nikamwambia. Nilitegemea atasikitika, au atasema alijua muda wote, kama wake wanavyosema. Hakusema hivyo. Aliweka ungo chini.

"Kwa hiyo nikikuita hunisikii."

"Ukiwa nyuma yangu, hapana."

"Miaka mitano?"

"Kama hiyo."

"Mimi nilidhani umenichoka," alisema. "Naongea, unaondoka. Nakuuliza, unachukua koti unatoka. Nilishamwambia dada yangu kwamba mume wangu amehama akiwa humu humu ndani. Nilishaacha hata kukuuliza unakula nini. Na wewe ulikuwa unaogopa wateja."

Alikuwa na hasira, na ilikuwa hasira ya haki, na ilidumu siku kadhaa. Katika siku hizo alinipikia, akanifulia, akaniambia yale ya lazima tu, lakini aliyasema akiwa amenielekea. Siku ya nne aliuliza sikio lipi lina nafuu. Nikamwambia la kulia. Baada ya hapo akawa anakaa kulia.

Hospitali walinipima, wakanielekeza Mbeya, na huko daktari aliniandikia kwenye karatasi kwamba kilichopotea hakitarudi. Nilipewa kifaa cha sikio la kulia. Sikipendi. Kinaleta kila kitu kwa pamoja: upepo, mabati, kijiko kwenye kikombe, na sauti yangu mwenyewe ambayo nilikuwa nimeisahau na haikunifurahisha. Nikishika grenda nakitoa. Nyumbani nakivaa.

Wateja niliwaambia. Wawili walihamia kwa fundi wa karibu na stendi, kama nilivyotarajia. Wengine walibaki, na sikuelewa kwa nini, sikuwauliza. Siku hizi mteja akisema kuna mlio namwomba aniigizie kwa mdomo. Watu wazima wenye heshima zao wanasimama gereji wanafanya ngo-ngo-ngo na tsii-tsii, na mara nyingi najua kitu ni nini kabla hawajamaliza.

Mnunuzi wa Arusha alikuja hatimaye, alikuwa na safari zake Sumbawanga. Alilizunguka gari, akainama mbele akaona tundu la rejeta, akafungua nyuma akaona injini ya Kijapani. Alifunga kifuniko taratibu, akamwambia shemeji mtu pole, akaingia kwenye gari lake. Mama hakutoka hata nje kumwona. Alikuwa anapima mchele.

Gari analitumia kila msimu. Geji ya joto ilifika, nikaifunga katikati kabisa ya dashibodi, kubwa kuliko ile ya mwendo. Kuna siku alikuja kubadilisha oili, akaniambia gari siku hizi ni kimya mno, anasikia mchele unavyosogea kwenye gunia.

Shemeji yake hupita gerejini Jumamosi baada ya kufunga duka. Hatukuwa marafiki hasa. Anakaa kwenye tairi, anasema injini ya zamani ilikuwa bora na kwamba nilipaswa kuisubiri ile mizigo ya nje. Anasema hivyo akiwa amekaa upande wangu wa kulia. Huwa nampa chai, namwacha aseme.